Chuma na Leseni

Simu ya fundi ilimkuta Mama Pacha akipiga pasi sare za wanawe. Fundi hakuwa mtu wa kupiga simu asubuhi, na akipiga hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Mama, ndege kaingia kwenye ndege."

Siku nyingine wangecheka. Ulikuwa mzaha wa hangani, kwenye banda la ndege, tangu kampuni ianze. Leo sauti ya fundi ilikuwa kavu, na Mama Pacha akaiweka pasi chini bila kutazama ameiweka wapi.

"Injini ipi?"

"Ya kulia. Nadhani ilikuwa jana, wakati wa kutua. Kapteni anasema hakusikia kitu. Nimekuta manyoya na damu mdomoni mwa injini, na mapanga mawili ya feni yamepinda ncha. Ndani bado sijatazama."

"Tazama. Nakuja."

"Mama, sketi!" binti mmoja akapiga ukelele. Pasi ilikuwa imekwisha kuacha alama ya kahawia kwenye pindo. Mama Pacha akaichomoa waya, akamwambia mtoto avae ya jana, akatafuta funguo za gari ambazo alikuwa amezishika mkononi.

Mama Pacha alikuwa na kampuni ya kukodisha ndege binafsi, na kampuni yenyewe ilikuwa na ndege moja tu: jeti ndogo nyeupe, injini mbili, viti saba vya ngozi. Aliianzisha na mumewe, aliyekuwa rubani, pamoja na mdogo wa mumewe, rubani naye, ambaye uwanja mzima walimwita Kapteni. Mume alifariki kwa maradhi ya figo mkopo wa ndege ukiwa bado mbichi. Wakabaki wawili, mjane na shemeji yake, na chuma cha kulipia.

Watu waliomwona akishuka ngazi za ndege ile, miwani ya jua usoni, walimhesabia utajiri. Dada yake mwenyewe alikuwa amemnunia tangu alipomnyima mkopo wa kuezekea nyumba. "Mtu una ndege," alimwambia, "halafu huna hela ya bati?" Mama Pacha alijaribu kumweleza, akaona anazidi kuonekana mchoyo, akanyamaza.

Angemwelezaje? Ndege ile iruke isiruke, mwezi ukiisha ilidai rejesho la benki, bima, kodi ya hanga, mishahara ya marubani wawili na fundi, na ada za mafunzo, maana marubani wa jeti hurudishwa darasani kila mwaka nchi za mbali, na darasa lenyewe lina bei ya gari. Hayo yote kabla haijachomwa tone la mafuta. Ikiruka, ndipo yanakuja mafuta, ada za kutua, na akiba ya matengenezo ya injini kwa kila saa ya angani. Tena mteja akipelekwa mahali akabaki huko, ndege inarudi tupu, inachoma mafuta yale yale kubeba viti. Ili kampuni ipumue ilihitaji kuuza kama saa ishirini na tano kila mwezi. Zaidi ya nusu ya saa hizo zilinunuliwa na mtu mmoja, mwenye viwanda vya saruji, ambaye wao walimwita Mzee Saruji.

Na Mzee Saruji alikuwa asafiri kesho asubuhi.

Hangani alimkuta fundi juu ya ngazi fupi, ameingiza ndani ya injini kamera yenye waya mrefu mwembamba. Kapteni alisimama chini, mikono kifuani, macho kwenye kioo kidogo kilichoonyesha picha. Hakugeuka shemeji yake alipoingia.

"Sema," Mama Pacha akamwambia fundi.

"Ndege amepita hadi ndani. Mapanga ya nyuma yake yana meno kama msumeno. Hii haishonwi hapa, mama. Injini ishuke, ipelekwe kiwandani."

"Muda gani?"

"Wiki nyingi. Labda ukodi injini nyingine wakati ya kwako iko huko."

"Na bima?"

Kapteni ndiye aliyejibu. "Bima inalipa, lakini fungu la kwanza la hasara ni letu." Akasita. "Sikusikia kitu, shemeji. Naapa. Ningesikia ningesema."

"Sijakulaumu."

"Najilaumu mwenyewe."

Mama Pacha akamgusa bega, akaingia kwenye kijumba cha ofisi kilichobanwa pembeni mwa hanga, akaketi. Fedha ya kulipia fungu la kwanza la hasara ndiyo ile ile ya rejesho la mwezi ule. Fedha ilikuwa moja, midomo miwili. Na benki ilikuwa imeshika hati ya nyumba, nyumba ambamo mama mkwe wake alikuwa muda huo huo akinywa chai na kumsimulia jirani habari za ndege ya wanawe. Mama mkwe hakujua kama nyumba iko rehani. Walificha makusudi, kwa moyo mweupe, wakidhani ni jambo la mwaka mmoja.

Lakini kwanza kesho. Mkataba na Mzee Saruji ulisema wazi: ndege ikiharibika, kampuni imtafutie nyingine ya hadhi ile ile, kwa bei ile ile. Mwenye ndege ya hadhi ile karibu alikuwa mmoja tu, yule wa hanga la pili, mwenye jeti nne na tabasamu lisilokauka. Wao walimwita Jirani.

"Usimpigie," Kapteni alisema kutoka mlangoni. "Mzee akipanda ndege ya Jirani, hashuki tena."

"Nikimwambia Mzee hakuna ndege, je?"

Mama Pacha akapiga.

"Mama Pacha!" Jirani alisema. "Leo umenikumbuka. Kuna heri?"

Alimweleza. Jirani akasikitika sana, akauliza hali ya watoto, akauliza hali ya mama mkwe, ndipo akataja bei. Ilikuwa juu ya ile anayolipa Mzee. Tofauti ya kila saa ya kesho angani ingetoka mfukoni mwa Mama Pacha.

"Si unipunguzie? Tumekaa ukuta mmoja miaka yote hii."

"Nimekwisha kupunguza, dada yangu. Hiyo ni bei ya ndugu."

Alilipa, kutoka kwenye fedha ile ile yenye midomo miwili, ambayo sasa ikawa mitatu. Kisha akaamua jambo moja: hatamwacha Mzee apande peke yake. Atasafiri naye.

Asubuhi Jirani mwenyewe alikuwa chini ya ngazi, ndani ya suti, kana kwamba anapokea waziri. "Karibu mzee wangu, jisikie uko nyumbani," akasema, akamshika Mzee Saruji mkono kwa mikono yake miwili. Mama Pacha alimsalimia akipita. Ndani kulikuwa na harufu ya ngozi mpya. Viti vilikuwa vipana kuliko vya kwake, zulia liliizima sauti ya kiatu, na mhudumu alijua tayari kwamba Mzee hanywi kahawa bali maji ya moto na ndimu. Nani amemwambia? Mama Pacha alifunga mkanda.

Mzee Saruji alikuwa mtu wa mwili mkubwa na maneno machache, mwenye tabia ya kutafuna kijiti cha meno hata pale ambapo hajala. Walipokwisha kupita mawingu akakitoa mdomoni.

"Jirani yako ananiuzia hii."

"Hii ndege?"

"Hii hii. Alileta bei wiki iliyopita."

Wiki iliyopita! Kabla ya manyoya, kabla ya simu ya fundi. Kumbe alikuwa amekaa na kujisumbua kwa mteja asije akamponyoka, na mteja alikuwa mguu nje siku zote hizo. Bila saa za Mzee, kampuni haikuwa na mwezi wa pili.

"Wewe unalionaje?" Mzee akauliza. "Nikijumlisha ninayowalipa kwa mwaka, naona kama nimekwisha kuwanunulia ndege. Si bora ninunue yangu?"

Mama Pacha alijua kwamba akimkataza ataonekana anamlilia mteja, na akimsifia ndege amejifukuzisha mwenyewe. Akanywa maji kidogo apate muda.

"Mzee, tanuru lako la saruji huwa unalizima?"

"Nilizime ili iweje? Kuliwasha upya ni hasara tupu. Matofali ya ndani yanapasuka, mafuta yanakwenda bure. Tanuru halizimwi."

"Hata siku ambayo hujauza mfuko mmoja?"

"Linawaka."

"Basi na hii ni hivyo hivyo. Wewe unatulipa saa unazoruka. Saa usizoruka ni sisi tunazunguka kuzitafutia mtu. Ukinunua, utazunguka wewe. Na ninavyokuona, huna nafasi ya kuzunguka."

Mzee alimtazama. "Kwa hiyo nisinunue."

Hapo palikuwa pa kusema ndiyo, na kushukuru Mungu. Lakini aliona usoni mwake kwamba mtu huyu amekwisha kuamua. Mtu wa viwanda, aliyezoea kuwa na vyake, angenunua tu, mwezi huu au ujao, kwa huyu au kwa mwingine. Neno lililofuata lilimtoka kabla hajalipima.

"Sijasema usinunue. Nunua ya kwangu."

Mzee Saruji akacheka kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Ile iliyovunjika?"

"Ikirudi kiwandani itakuwa na injini iliyokaguliwa hadi skrubu ya mwisho. Nakuuzia chuma, mzee. Leseni ya kuiendesha, marubani, fundi, vinabaki kwangu. Ukisema unasafiri, unasafiri. Usiposafiri, nawakodishia wengine, na wanacholipa kinapunguza gharama zako. Mimi unanipa ada ya uendeshaji kila mwezi."

"Jirani hawezi kunifanyia hivyo?"

"Anaweza. Ila Jirani ana ndege zake nyingine tatu. Mteja akimpigia simu, atatoa ipi kwanza, yake au yako? Mimi sitakuwa na nyingine ya kutoa."

Mzee akarudisha kijiti mdomoni, akageukia dirisha. "Nipe bei," akasema baadaye.

"Jioni, tukirudi."

Hakuwa na bei. Hakuwa hata na ruhusa. Nusu ya ndege ilikuwa ya shemeji yake.

Mzee alipoondoka kwenda kwenye mkutano wake, Mama Pacha alibaki kwenye chumba cha abiria cha uwanja ule wa ugenini, penye makochi ya bluu na televisheni isiyo na sauti. Akampigia Kapteni.

"Umeuza ndege ya kaka bila kuniuliza?"

"Sijauza, shemeji. Nimetaja tu."

"Umetaja kwa nani? Kwa mwenye fedha taslimu! Huko si kutaja. Kaka alikuwa kitandani anauliza kama ndege imeoshwa. Unakumbuka? Anauliza kama imeoshwa."

"Nakumbuka. Nilikuwa nimemshika mkono."

Simu ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa. Akaketi, akasimama, akaenda chooni akanawa uso, akarudi. Alijaribu kupiga hesabu nyuma ya tiketi ya kuegesha gari: benki inadai kiasi gani, ndege yenye injini mbovu inauzika kwa kiasi gani, kinabaki nini. Alipata jibu moja, akarudia akapata jingine. Je, Mzee akimwambia Jirani maneno yale? Jirani angeshusha bei kesho yake. Na shemeji akikataa katakata? Angemtazamaje Mzee jioni? Alikuwa amejiingiza mwenyewe kwenye mlango mwembamba, na nyuma yake hapakuwa na pa kurudi.

Kapteni alipopiga, mchana ulikuwa umegeuka.

"Nimetoka nyumbani," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mama kanipikia. Ananiuliza mbona simalizi chakula. Shemeji, nyumba ile ikiondoka, huyu mama tunampeleka wapi?"

Mama Pacha akaikunja ile tiketi yenye hesabu.

"Uza," Kapteni akasema. "Lakini mawili. Mkataba wa uendeshaji uwe wa miaka, siyo wa miezi, asije akatutimua akishaijua kazi. Na pili, nikisema ndege hairuki, hairuki. Awe nani, awe na mkutano gani. Hilo liandikwe."

Walipokuwa njiani kurudi, alimtajia Mzee Saruji bei na masharti. Bei aliipokea bila kupepesa, ingawa ilionekana kwamba ataikata baadaye. Miaka akaikubali nusu nusu. Sharti la pili likamkwama.

"Ndege yangu, fedha yangu, halafu wewe ndiye wa kuniambia hairuki?"

"Rubani ndiye. Na mimi nitakuwa nyuma yake."

"Na nikikataa hilo?"

Mama Pacha alifikiria hati ya nyumba, akafikiria mama mkwe na birika lake la chai. Akajikaza. "Hilo ukilikataa, mzee, nunua ya Jirani."

Mzee alikitafuna kijiti chake hadi magurudumu yalipogusa ardhi. Chini ya ngazi Jirani alikuwa amesimama pale pale, tabasamu lile lile. Mzee Saruji aliagana nao wote kwa sauti moja, akaingia kwenye gari lake.

Zikafuata siku mbaya. Injini ikashushwa, ikafungwa kwenye sanduku la mbao, ikasafirishwa. Ndege ikabaki imeegeshwa bandani na tundu ubavuni, imefunikwa nailoni. Simu za wateja wadogo zilikuja, akawa anawaambia hakuna ndege wiki hizi, na kila alivyosema hivyo alijua anawatuma hanga la pili. Rejesho likapita tarehe yake. Yule kijana wa benki, ambaye zamani alimwita "mama yetu", sasa alimwita "mteja". Mabinti wakaanza kunong'ona akiingia chumbani. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilimpeleka dirishani.

Mara mbili alinyanyua simu amwambie Mzee kwamba sharti la rubani linaweza kujadiliwa. Mara ya kwanza aliishusha mwenyewe. Mara ya pili Kapteni alikuwa ameketi mbele yake na alijua, bila kuambiwa, anampigia nani. Hakumzuia. Alisema tu, "Shemeji, siku ya kusema hairuki ikifika, ni wewe na mimi tutakaoijua hatari. Yeye hatajua." Akaishusha tena.

Mzee Saruji alikuja bila taarifa, adhuhuri, viatu vimejaa vumbi la kiwandani. Hakuomba kiti. Alimwomba fundi amwonyeshe panga moja lililopinda, ambalo fundi alilichomoa kabla injini haijasafirishwa, akaligeuzageuza mkononi, akapima ncha kwa kidole.

"Ndege gani anafanya hivi?"

"Mdogo tu, mzee," fundi akasema. "Hata kitoweo hatoshi."

Mzee akamgeukia Kapteni. "Wewe ungekuwa umeona hivi na mimi nina haraka, ungeniambiaje?"

"Ningekwambia hairuki."

"Ningekutukana."

"Ungenitukana ukiwa hai."

Mzee alirudisha panga juu ya meza ya fundi. Kisha akamtazama Mama Pacha. "Nilimuuliza Jirani lile swali lako. Mteja akimpigia, atatoa ndege ipi kwanza? Akaniambia, 'Ya kwako, mzee wangu, hiyo haina mjadala.' Alijibu upesi mno. Mtu anayesema kweli huwa anahesabu kidogo." Akataja bei. Ilikuwa chini ya ile ya kwenye ndege, chini kwa kiasi cha kuuma. "Masharti yenu yote nimeyachukua. Kwa hiyo bei ni hiyo."

Mama Pacha na Kapteni walitazamana. Kapteni akainamisha kichwa, polepole.

Benki ililipwa. Hati ya nyumba ilirudi ndani ya bahasha ya kawaida ya kahawia, akaiweka kabatini chini ya mashuka, na mama mkwe hakujua wala hakuulizwa. Baada ya kodi na lile fungu la bima, kilichobaki wakagawana, na kila mmoja alipata cha kununulia gari lililotumika. Siku ya kubadilisha jina la mmiliki Kapteni alisema ana kazi mahali. Mama Pacha alikwenda peke yake, akatia sahihi, karani akagonga muhuri, na kazi ya miaka yote ile ikaisha kabla foleni ya nyuma yake haijaanza kulalamika. Alifika kwenye gari, akafunga mlango, akalia.

Injini iliporudi kazi ikaanza upya. Mwezi wa kwanza ulipoisha, Mama Pacha alimpelekea Mzee Saruji ankara ya gharama zote, mstari kwa mstari, kama mkataba ulivyotaka. Simu ikaja siku ile ile.

"Mama Pacha, hii ni nini? Mwezi huu nimeruka mara mbili tu!"

"Ndiyo, mzee."

"Na bado inadai yote haya? Bima hii ni ya mwezi mmoja au ya maisha? Na hawa marubani, wamesoma nini hasa?"

Akamjibu moja moja, bila haraka. Upande wa pili kulikuwa na pumzi nzito na makaratasi yanageuzwa. Aliijua pumzi ile. Hakuifurahia, maana mtu huyu akichoka, miaka ya mkataba haitamzuia kutafuta wakili.

"Sasa tunafanyaje?" Mzee akauliza hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli.

"Keshokutwa inakupeleka mkutanoni, halafu inarudi tupu. Nina familia inayotaka kurudi upande huu. Nikiwauzia kwa nusu bei, mafuta ya kurudi yamelipwa."

"Nusu bei?"

"Nusu, mzee. Au turudishe viti vitupu."

Mzee Saruji akaguna. "Wauzie."

Mama Pacha akaagana naye, akatoka nje ya kijumba cha ofisi. Kapteni alikuwa juu ya ngazi anafuta kioo cha mbele kwa kitambaa, kazi ambayo haikuwa yake.

"Shemeji," akamwita, "keshokutwa hutarudi tupu."

"Ni nani?"

"Mume, mke na watoto wanne. Ngoja niwapigie kabla hawajampata Jirani."

Akarudi ndani akitafuta namba yao.